Mkuu, hilo boksi la pili la dawa ya kizunguzungu usinunue

Sijafika hata mwisho wa uzi wako, nimekwama pale ulipoandika kwamba mafua yaliisha wiki tatu zilizopita, dunia haizunguki tena ila ukitembea unapepesuka, na muuza duka la dawa kakwambia uongeze sinarizini, hiyo dawa ya kizunguzungu, ulale mpaka upone, halafu unauliza ule nini na lini urudi kwenye boda. ACHA HIYO DAWA KWANZA.

Mimi boksi la pili limenila miezi. Ilianza hivihivi, homa na mafua, yakaanza kuachia nikaamka kuta zinakimbia, natapika nyongo tupu. Daktari wa masikio akasema virusi vimevimbisha neva ya usawa wa mwili ndani ya sikio, akaniandikia vidonge hivyohivyo vya kizunguzungu vya siku tatu basi. Vilipoisha nikapita dukani, yule jamaa ananiambia "endelea navyo tu bosi, havina madhara", na kila nilipomwambia bado nayumba ananiuzia tena! Kulala kutwa, chooni naenda nimeshika ukuta, na hakuna siku aliniuliza daktari alisemaje. Hawa watu wanauza dawa kama njugu na hasira zangu hazijaisha mpaka leo.

Iko hivi, kusimama wima unategemea sikio la ndani, macho, na nyayo pamoja na maungio ya miguu. Sikio moja likidhoofika ubongo unapata taarifa zinazogombana, sasa ili ujipange upya lazima uusikie huo mgongano, na dawa inauzima. Kwa hiyo siku mbili tatu za kutapika sawa, meza, lakini baada ya hapo unajichelewesha kupona. Ndo maana gizani unayumba zaidi pia, macho hayakusaidii.

Kilichonitoa ni fizio, yaani mazoezi ya tiba. Kichwa lazima kigeuke KILA SIKU. Andika herufi moja kubwa kwenye karatasi, bandika ukutani usawa wa macho, kaa mbele yake, geuza kichwa kulia kushoto na macho yasiiache ile herufi, dakika moja hivi, pumzika, halafu juu chini. Kizunguzungu kidogo kitakuja, usikikimbie, vumilia. Ukizoea fanya umesimama, halafu ingia kwenye kona ya ukuta, miguu pamoja, mtu awe karibu, fumba macho usimame. Baadaye tembea koridoni huku unageuza kichwa.

Ila kama sikio limeacha kusikia ghafla, unaona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso umepinda au mkono umelegea, hapo siyo mazoezi, kimbia hospitali sasa hivi, inaweza kuwa kiharusi.

Boda usiiguse kwanza. Jioni bandika hiyo karatasi halafu rudi hapa useme herufi ilitulia au ilikuwa inacheza.