Ukikodi nyumba Taita, panda mlima kabla ya chai

Sisi watu wa Malindi likizo yetu inajulikana, ni Mombasa ama Lamu kwa shangazi, basi. Agosti iliyopita nikasema mwaka huu twende milimani, tukakodi nyumba ndogo juu ya Wundanyi, mji wa kule vilima vya Taita, siku nne, mimi, mke wangu, watoto watatu na mamangu ambaye alikubali kwa sharti moja, asiambiwe atembee. Tangu turudi kila mtu ananiuliza kule kuna nini cha kuona, kwa hivyo naandika mara moja nisirudie rudie.

Nguo kwanza. Wundanyi iko kama mita 1,400 juu ya bahari na mimi nilibeba kikoi. Kikoi jamani! Usiku wa kwanza mamangu alijifunika blanketi mbili na leso zake zote na bado anauliza, "huo mlango mumeufunga kweli?" Asubuhi kitinda mimba wangu akatoka kibarazani, akapumua, akaona moshi unamtoka mdomoni, akaja mbio analia ati anaungua ndani. Bebeni sweta.

Sasa matembezi. Ukutani mwenye nyumba amebandika karatasi ya vitu vya kuona na kila kimoja ameandika "karibu". Hilo neno kwa mlimani liogope. Nyumba ya ng'ambo ya bonde unaiona, hata jogoo wake unamsikia, lakini kufika ni ushuke mpaka mtoni halafu upande tena, saa nzima imekwenda. Kilomita hazikusaidii kitu kule, uliza masaa.

Kilele cha Vuria ndicho kirefu kuliko vyote Taita, mita 2,208, na juu kuna milingoti ya mawasiliano. Siku ya kwanza tulikunywa chai yetu taratibu na mahamri tuliyobeba, tukafika juu saa tano hivi, na tulichoona ni ukungu mtupu, hata mlingoti wenyewe ulikuwa nusu. Mzee mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akatucheka, akasema Kilimanjaro ilikuwepo saa kumi na mbili na nusu, mlikuwa wapi? Kumbe ni ule ule upepo wetu wa kusi, unatoka baharini na unyevu wake, unagonga vilima, unalazimika kupanda, huko juu unapoa na kuwa ukungu. Yaani upepo unaowazuia wavuvi wetu kutoka ndio uliotufungia mlima! Kesho yake tukaamka saa kumi alfajiri, watoto wananuna, na wallahi tukaiona, nyeupe kileleni, kama robo saa tu kisha pazia likashuka. Kama shida yako ni Kilimanjaro afadhali uende Januari au Februari wakati wa kaskazi.

Msitu wa Ngangao ndio uende siku ya ukungu, tena ndio unapendeza zaidi. Ni kipande tu kilichobaki, hekta kama 120, miti inanasa ukungu na matone yanakudondokea ingawa hakuna mvua. Kuna ndege huko ambao duniani hawapo popote ila kwenye vilima hivi. Mtoto wangu wa kati alimwona mmoja, kichwa cheusi, mdomo rangi ya machungwa, anachakura majani makavu kama kuku, na sisi wote tumesimama kimya hata simu hakuna aliyetoa. Chukua kijana wa pale awaongoze na mpatane bei kabla ya kuingia, si baada.

Kuna pia mapango ya mafuvu. Wataita zamani mzee akishazikwa, baadaye fuvu lake lilifukuliwa likawekwa pangoni pamoja na ya wazee wenzake wa ukoo, na mengine yapo mpaka leo. Usiende kimyakimya kwa kuwa umeona picha mtandaoni, muulize mzee wa hapo kwanza, usiguse, na mambo ya selfi acha. Sisi wenyewe hatupendi mgeni aegemee yale makaburi ya nguzo pale mjini Malindi, sasa je?

Kile kilima cha Salaita kule Taveta, walikopigana Waingereza na Wajerumani Februari 1916, mimi ningekifuta kwenye ile karatasi. Ni safari ya siku nzima. Tulijaribu, watoto wawili wakatapika kwenye kona za kushukia Mwatate, tukageuza gari.

Mamangu hakwenda kokote alivyoahidi. Alikaa kibarazani na mama jirani wakichambua maharagwe, akafundishwa kupika kimanga, ule mseto wa maharagwe na muhogo unaopondwa pamoja, na yeye ndiye aliyerudi na habari nyingi kutushinda sote. Safari ijayo kashasema anabeba nazi kumi, manake kile kimanga, anasema, kimekosa tui tu.