Kumbe Livingstone Hakuwa Mwingereza?

Wiki iliyopita nilidokeza hapa kwamba wale wazungu wawili waliokutana Ujiji mwaka 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley, hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwingereza hasa. Maswali yakamiminika, mengine ya ukali. Nimeokota matano.

Kama Livingstone hakuwa Mwingereza, alikuwa nani? Shuleni tulifundishwa hivyo. (Msomaji, Kigoma)

Mskoti. Alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, karibu na Glasgow, na jina la mji huo ndilo ililopewa Blantyre ya Malawi. Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands. Hilo la Stanley alijipachika baada ya kufika Marekani.

Walimu wako usiwalaumu sana, kosa limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno "Uingereza" limetokana na jina la taifa moja, England, nasi tumelitandaza juu ya dola nzima yenye mataifa manne: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mwite Mskoti Mwingereza uone atakavyonuna. Ni kama kumwita Mpemba Mtanganyika. Wakikuyu walikuwa makini kutuzidi. Mahali walipopiga kambi wamisionari wa Kanisa la Uskoti, nje kidogo ya Nairobi, panaitwa Thogoto hadi leo, yaani "Scots" kwa ulimi wa Kikikuyu.

Tuelewane basi: kuanzia hapa nikisema England ni hilo taifa moja, nikisema Uingereza ni dola nzima.

Majina hayo yametoka wapi? (Msomaji, Tanga)

Swali hili limenikosha, maana karibu kila jina lilibandikwa na jirani. Warumi walipoondoa majeshi yao katika kisiwa cha Britania mwanzoni mwa karne ya 5, waliingia watu wa pwani za Ujerumani na Denmark za leo: Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Kwao Waangli ni Angeln, rasi ndogo kaskazini mwa Ujerumani ambayo bado ina jina hilo. England ni "nchi ya Waangli" tu. Sasa wahamiaji hao waliwaitaje wenyeji waliowakuta? *Wealas*, yaani wageni! Mtu kaingia kwako bila hodi, kisha anakuita wewe mgeni. Ndiko lilikotoka jina Wales. Wenyewe hawajiiti hivyo. Wao ni Cymry, maana yake watu wa nchi moja, na nchi yao ni Cymru.

Uskoti nako kuna kioja. *Scoti* ni jina ambalo Warumi waliwaita watu wa Ireland waliokuwa wakivuka bahari kuja kuvamia. Baadhi yao wakalowea magharibi mwa Uskoti, wakaja kuungana na Wapikti waliokuwako, na jina likawafuata. Kwa Kigaeli nchi hiyo ni Alba.

Britania ndilo jina kongwe. Pytheas, baharia Mgiriki wa Marseille, alilisikia katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Na lile neno "Kuu" katika Britania Kuu si majivuno, ingawa wapo wanaolitumia hivyo. Ni la kutofautisha kisiwa na Brittany ya Ufaransa, walikohamia baadhi ya wenyeji wa kisiwani. Wafaransa wanaita kule Bretagne, na kisiwa Grande-Bretagne.

Uskoti ilitekwa au ilikubali kuungana? (Msomaji, Mombasa)

Iliyotekwa ni Wales. Edward I wa England aliimaliza mwaka 1282 na 1283. Uskoti ilianza kwa urithi. Malkia Elizabeth wa Kwanza alifariki mwaka 1603 bila mtoto, na James VI, mfalme wa Uskoti, akarithi kiti chake. Ikawa mfalme mmoja na falme mbili, kila moja na bunge lake, kwa zaidi ya miaka 100.

Kilichozifunga kabisa, kwa maoni yangu, ni pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1690 Waskoti walichangishana sehemu kubwa ya akiba ya nchi ili waanzishe koloni Darien, katika Panama ya leo. Homa, njaa na Wahispania viliwashinda, na makoloni ya England yalikatazwa kuwasaidia. Kufikia 1700 mradi ulikuwa umekufa. Mkataba wa Muungano ulipokuja, ulikuwa na pauni 398,085 za kulipwa Uskoti, nyingine zikiwa fidia ya waliopoteza fedha zao Darien, pamoja na ruhusa ya kufanya biashara katika makoloni ya England. Watu walifanya ghasia Edinburgh na Glasgow kuupinga. Bunge la Uskoti likaupitisha, na tarehe 1 Mei 1707 Muungano ukaanza. Waskoti walibaki na sheria zao, mahakama zao na kanisa lao.

Kwa nini wao wana timu nne za soka na sisi moja? (Msomaji, Mbeya)

Walitangulia. Mechi ya kwanza ya kimataifa ilikuwa Uskoti na England, Glasgow, 30 Novemba 1872, 0-0. FIFA ilizaliwa 1904 na kuwakuta wenye mpira. Hadi leo bodi inayotunga sheria za soka ina kura nane, nne za vyama vya soka vya mataifa hayo manne na nne za FIFA. Mwaka 1958 timu zote nne zilicheza Kombe la Dunia kule Sweden. Kwenye Olimpiki, lakini, ni timu moja.

Uskoti ina bunge lake, England haina. Mbona kama Zanzibar na Tanganyika? (Msomaji, Unguja)

Umeona mbali. Uskoti ilirudishiwa bunge mwaka 1999, Wales nayo ina bunge lake, na Ireland ya Kaskazini ina baraza lake. England, iliyo kubwa kuliko zote, haina. Mambo yake huamuliwa na Bunge la Muungano kule Westminster, ambako mbunge wa Uskoti anapigia kura shule za England na wa England hana kauli juu ya shule za Uskoti. Mwaka 2015 walijaribu kanuni ya kuwapa wabunge wa England turufu juu ya miswada inayowahusu wao tu. Mwaka 2021 wakaifuta.

Kutoka nako kuna ngoma yake. Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti walipiga kura ya maoni, asilimia 55 wakachagua kubaki. Serikali yao ilipotaka nyingine, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2022 kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuiitisha bila idhini ya London.