Unga wa nyenje kwenye biskuti za samli

Protini ya ngano ina uhaba wa laisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na wadudu hawa, nyenje, wanayo kwa wingi, pamoja na chuma na zinki. Ndiyo maana tunapenda kuwatia kwenye biskuti, kitafunio ambacho mtoto hula bila kubembelezwa.

Ila kabla ya jiko kuna suala la dini, na Lamu au Malindi halirukwi. Nzige ni halali kwa kauli ya wanazuoni. Nyenje na kumbikumbi wana khilafu, yaani wanazuoni hutofautiana juu yao, na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, hayawaruhusu. Muulize sheikh wako, na mnunuzi usimfiche kilichomo. Asiyepatana na kamba au kaa naye asionje kabisa, kwani mzio wake huamshwa pia na wadudu.

Chukua nyenje wa kufugwa. Wa kuokota porini huenda wamepuliziwa dawa. Wanyime chakula siku nzima matumbo yasafike, wagandishe kwenye friza, waoshe, kisha wachemshe dakika 5. Wakubwa wang'oe mabawa na miguu ya nyuma, maana miiba ya miguu hiyo hukwaruza koo.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kukausha. Ukianika juani kwa hewa yetu ya bahari, wakilala nje usiku hunywa unyevu tena na kuvunda. Tumia oveni ya nyuzi 60 hadi 70, mlango wazi kidogo, mpaka ukimbana mmoja avunjike kwa mlio. Kilo 1 ya wabichi hutoa karibu gramu 250 hadi 300. Saga, chekecha, funga kwenye chupa kavu, weka kwenye friji. Wadudu hawa wana mafuta, na unga ukiachwa kwenye joto huchacha. Ukinusa harufu ya mafuta ya zamani, mwaga.

Kipimo chetu: ngano gramu 450, unga wa nyenje 50, samli 250, sukari laini 200, beking poda kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai. Piga samli na sukari hadi ziwe nyeupe, changanya na unga uliochekechwa pamoja. Donge likipasuka ukilifinyanga, ongeza maziwa vijiko 2 vya mezani, kwa kuwa unga wa nyenje hufyonza maji. Gramu 50 hizo huongeza protini kwa karibu nusu ya ile ya ngano tupu. Usizidishe: ladha ya udongo hushinda iliki. Kwenye mkate wa hamira ishia asilimia 5, la sivyo hauumuki vizuri, kwani gluteni, protini ya ngano inayoshika donge, imepungua.

Oka nyuzi 165, dakika 15 hadi 18. Ukitumia makaa, punguza ya chini, kwa sababu biskuti hizi huungua upesi kitako. Rangi ya juu itakudanganya, maana donge lenyewe ni la kahawia tangu bichi; inua moja utazame chini. Zipoe kabisa kabla ya kuziweka koponi.