Jibu: Jumba la mwinyi la Wharram Percy limepotelea wapi?

Umeuliza kwa nini ramani ya Wharram Percy, kijiji cha zama za kati kilichohamwa huko Yorkshire, Uingereza, inaonyesha jumba la mwinyi upande wa kusini ilhali hapo ni majani matupu. Jumba hilo la karne ya 12 lilikuwa la mawe ya chaki. Lilipobomolewa, wakulima walijenga nyumba zao palepale. Katika uchimbaji wa mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst, uliokwisha 1990, chumba chake cha chini kilikutwa chini ya nyumba hizo, kuta za chaki zingalipo.

Wengi hukosea hapa: matuta ya ardhi yaliyoachwa na nyumba za wakulima huyadhani ya jumba hilo. Jumba jingine la mwinyi, la upande wa kaskazini, ndilo lililoacha matuta yake. Yatazame asubuhi au jioni, majani yakiwa mafupi. Jua la utosini huficha kila kitu.