Sukuma wiki kukauka kingo hapa Lamu: tazama maji kabla ya kuongeza samadi

Dadangu wa Langoni, umesema sukuma wiki yako inakauka kingo za majani, umeongeza samadi ya punda na hali ni ile ile. Mimi nina bustani nyuma ya nyumba hapa hapa Lamu, miaka mingi sasa, na kwa ulivyoeleza sioni mmea wenye njaa. Naona chumvi ya kisima.

Hakikisha mwenyewe. Asubuhi kabla hujamwagilia, inama uutazame mchanga pale shinani. Ukikuta utando mweupe umeganda juu, jibu unalo. Kisha angalia ni majani yapi yameanza. Chumvi huanzia majani ya chini yaliyokomaa, ncha na kingo zikawa kahawia. Yakiwa machanga ya juu ndiyo yanageuka manjano na mishipa imebaki kijani, hapo ni upungufu wa madini ya chuma, nao ni wa kawaida kwenye udongo wetu wa chokaa na matumbawe.

Visima vyetu vya kisiwani, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huwa yamekaa juu ya maji ya chumvi. Kaskazi, ule upepo wa majira ya joto, ikishika na mvua hakuna, watu wakizidi kuvuta, ile chumvi hupanda. Samadi mbichi nayo ina chumvi zake, kwa hiyo ukiongeza juu ya maji kama hayo unazidisha. Irundike, ilowe, igeuzwe mpaka iwe nyeusi na isiwe na harufu, ndipo uitie.

Sasa umwagiliaji, na hapa ndipo wengi tunapopoteza mboga. Kata moja ya maji kila jioni haisaidii. Maji hukauka juu, chumvi inabaki kwenye mizizi. Heri uache siku moja ipite, kisha umwage mengi kwa pamoja mpaka yazame chini kabisa yaiteremshe chumvi. Mchanga wetu hupitisha maji upesi, na kwa hilo unatufaa. Mwaga shinani, usiyarushe juu ya majani. Tandaza nyasi kavu au majani ya mwembe juu ya tuta ili jua lisinyonye unyevu.

Wengi huweka makumbi ya nazi chini ya tuta yashike maji. Ni jambo zuri sana, lakini uliza yametoka wapi. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yamekunywa bahari. Chukua makavu ya shambani, yaloweke kwa maji baridi, uyamwage hayo maji, ndipo uyapange chini na udongo juu yake.

Maji ya mvua kama unayo, kwenye pipa au jabia (birika la kujengwa), usiyamalize kwa mboga kubwa. Yaweke kwa kitalu. Mche mchanga ndio unaoumia zaidi na chumvi. Ukishashika mizizi unavumilia maji ya kisima vizuri zaidi.

Halafu badilisha mboga kwa msimu. Spinachi inahimili chumvi kuliko sukuma, na mchicha unapenda joto lenyewe. Kwa hiyo kaskazi yote mimi nina hizo mbili tu. Sukuma naisia mvua za masika zikikaribia, nipate majani wakati wa kusi, hali ya hewa ikiwa imepoa. Kunde pia ni za masika, na majani yake yakiungwa kwa tui hakuna wa kukataa nyumbani.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo unyunyize kwenye mistari, zisije zikarundikana mahali pamoja. Baada ya wiki nne hivi utaanza kula. Usiung'oe: kata juu ya vifundo viwili vitatu vya chini, utachipua pembeni ukate tena. Ukianza kutoa maua, ng'oa, panda mwingine.

Na zungushia miiba kabla hujapanda chochote, maana punda na mbuzi wa mtaani hawabishi hodi.