Maswali Yenu: Kazi na Utafiti Idara ya Kompyuta, Kwanza Uliza Hela ni ya Nani

Toka tutangaze kwamba mwezi huu tunajibu habari za ajira za vyuo vikuu, barua zimemiminika, na nyingi ni za watu wa kompyuta, sijui watu wa historia wao wameshatosheka na maisha. Nimechagua chache na zingine nimezifupisha. Kabla hujasoma jibu lolote hapa chini, jua kwamba kila nafasi ya idara ina mlipaji wake, serikali, mradi au chuo chenyewe, na ukishamjua mlipaji basi vigezo vyake vyote vinaeleweka.

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza Computer Science Dodoma, GPA yangu 3.6. Kuna tangazo la TA (tutorial assistant, msaidizi wa kufundisha chuoni) kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, wanataka 3.8. Washkaji wananiambia we omba tu, kodi (code za kompyuta) naandika kuliko hao wenye 4.2, nikifika kwenye intavyu watanielewa. Niombe?*
*Kijana wa Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo usiombe. Inawezekana kabisa kwenye kodi unawaacha mbali hao wenye 4.2, tatizo ni kwamba kwenye hiyo intavyu hutafika, maana mchujo wa kwanza hauangalii kodi unaangalia namba. TA wa chuo cha umma ni mtumishi wa umma, mshahara wake unatoka hazina, na vigezo vyake viko kwenye muundo wa utumishi wa wanataaluma, digrii ya kwanza 3.8 kwa 5, na ukitaka kuingia kama mhadhiri msaidizi wanataka masta yenye 4.0 na bado matangazo mengi yanarudi nyuma kukuuliza ile 3.8. Mkuu wa idara hata akupende vipi hana uwezo wa kukupunguzia hizo 0.2.

Na wanabana kwa sababu, sio roho mbaya. TA hachukuliwi kuja kusimamia maabara milele, anachukuliwa awe mhadhiri, kwaiyo chuo kinaingia gharama ya kumsomesha masta na PhD. Hata mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, sehemu ya hela yake ni kusomesha wahadhiri wa vyuo vya umma. Sasa mtu anayekwenda kusomeshwa wanataka wawe na uhakika atapokelewa huko anakokwenda.

Sasa 3.6 yako sio GPA mbaya, acha kujidharau. Kwanza, idara hiyohiyo ina nafasi zingine ambazo hazina masharti ya 3.8, afisa TEHAMA, mtu wa maabara, mtu wa mifumo ya chuo, na ukishakuwa ndani unajua nani ana mradi gani. Pili, nenda kwenye hela ya miradi, huko profesa anachagua mwenyewe na huko ndo kodi yako inasema, weka kazi zako GitHub mahali mtu anaweza kuziona. Tatu, masta. Na using'ang'anie Dar na Dodoma tu, kuna chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, kuna Makerere ya Uganda, kuna Kigali ambako Carnegie Mellon ya Marekani wameweka kampasi toka 2011 na wana masta za teknolojia ya habari na za akili mnemba.

Kwa wale wenye 3.8 zao wanaosoma hapa na kucheka, na nyie mnaanguka kila mwaka kwa vitu vidogo mno. Soma tangazo mpaka chini. Wameandika kabisa kwamba resulti slipu za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, matokeo ya muda hayakubaliwi, wanataka cheti chenyewe kilichothibitishwa na mwanasheria, barua iwe imesainiwa, na bila namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hata akaunti hufungui. Mtu ana 4.5 anaatachi slipu. Alafu ukifaulu usaili wa mchujo na wa mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa, usilie, jina linakaa kwenye kanzidata yao na wanaweza kukupangia kituo nafasi ikipatikana bila wewe kuomba upya.

*Habari mwalimu. Kijana wangu amemaliza computer science hapa Kenya, amepata job kwa project ya profesa wake, wanamuita research assistant, contract ni mwaka mmoja tu na anaambiwa labda itaongezwa. Baba yake anasema hiyo si kazi ni kibarua, atafute ya benki. Tumshauri vipi?*
*Mama kutoka Eldoret*

Mama, ni kazi, ila sio aina ya kazi anayoifikiria mzee. Profesa aliandika ombi kwa wafadhili, akapewa fungu la miaka miwili mitatu, na kwenye bajeti kuna mstari umeandikwa msaidizi wa utafiti. Kijana wako analipwa kutoka kwenye huo mstari. Mstari ukiisha, profesa hana pengine pa kuchota, ndo maana anasema "labda", hamfichi kitu.

Lakini kazi za hivi zinajenga watu. Angalia AirQo ya Makerere, ilianza 2015 kama kazi ya chuo ya kupima hewa chafu, vijana wa idara wakatengeneza vifaa vya bei nafuu wakavifunga mpaka kwenye bodaboda za Kampala, leo ni timu kubwa na vifaa vyao viko miji mingi ya Afrika. Kijana anayeingia humo anajifunza kutengeneza kifaa, kusafisha data, kuandika paper (makala ya utafiti), vitu ambavyo benki hawatamfundisha. Benki watamfundisha benki.

Kabla hajasaini aulize, na aulize kwa heshima lakini aulize. Mshahara ni wa kila mwezi au mpaka wafadhili waachie hela? Maana kuna miradi watu wanakaa miezi bila kulipwa kwa sababu fungu limekwama ofisi ya fedha ya chuo. Jina lake litakuwepo kwenye paper akifanya kazi ya paper? Na je hiyo kazi anaweza kuigeuza kuwa tasnifu yake ya masta? Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote, kwa sababu kwenu Kenya kuwa lecturer sasa ni PhD, na tutorial fellow anatakiwa awe na masta na awe anaendelea na PhD, kwaiyo mwaka wa mradi usiotumika kujisogeza kwenye masta unakuwa ni mwaka wa mshahara tu. Kama profesa amekubali kumsimamia masta, mwambie mzee atulie. Kama ni kuingiza data kwenye Excel mwaka mzima, mzee ana hoja.

*Mwalimu, nina masta ya data science na natafuta PhD. Nimewaandikia maprofesa wengi sana Ulaya na Marekani, imeli ileile nabadilisha jina, hakuna anayejibu. Nakutumia nakala uione. Je ni kwa sababu natokea Afrika?*
*Dada wa Mwanza*

Dada, sitasema ubaguzi haupo, ila kwa imeli hii hata ungetokea Zurich wasingejibu. Twende taratibu.

Kwanza umechanganya Marekani na Ulaya na ni mambo mawili tofauti kabisa. Marekani PhD ni udahili. Unaomba idara, kamati inakaa na mafaili, profesa mmoja anaweza kusema huyu namtaka lakini hatoi barua yeye. Dirisha mara nyingi linafungwa Desemba, katikati hapo au mapema zaidi, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba ukipewa ofa una mpaka 15 Aprili kuamua, usikubali kukimbizwa kabla ya hapo. Ukichaguliwa ada inafutwa na unalipwa posho, ama kwa kufundisha semina na kusahihisha, hela ya idara, ama kwa kufanya utafiti, hela ya mradi wa profesa. Masta kule sio lazima hata. Kinachokubeba ni barua 3 za watu wanaokujua kweli, na hapo ndo wengi wetu tunaangukia, tunachukua barua ya mkuu wa kitivo kwa sababu ana cheo, anaandika "alikuwa na nidhamu na alihudhuria vipindi". Barua ya mhadhiri wa kawaida aliyekaa na wewe akaona ulivyotatua kitu fulani ina uzito mara kumi.

Uswidi, Uholanzi, Ujerumani PhD ni ajira. Inatangazwa kama kazi, ina namba ya kumbukumbu na siku ya mwisho, una mkataba, mshahara, likizo, unakatwa kodi ya mapato. Uholanzi ni miaka 4, Uswidi ni miaka 4 ya masomo na ukifundisha asilimia 20 ya muda wako inakuwa 5, Ujerumani wanalipa ngazi ya mshahara inayoitwa E13 na kwenye kompyuta mara nyingi unapewa mkataba kamili wakati wenzetu wa fani zingine wanagawiwa nusu. Huku masta inahitajika na wewe unayo, vizuri. Lakini sasa unapomwandikia profesa wa Uswidi "natafuta nafasi ya PhD" unataka akufanyie nini? Hela yake iko kwenye tangazo na sheria inamtaka atangaze. Kaa kwenye EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya ajira za watafiti, na kurasa za ajira za chuo chenyewe, likitoka omba hapo, imeli ni ya kuuliza swali kuhusu tangazo.

Sasa hiyo imeli yenyewe. Mistari ya mwanzo yote ni sifa, mheshimiwa, mashuhuri, nimevutiwa na mchango wako mkubwa duniani, huyo mtu anapata za hivyo kila siku na zinaenda moja kwa moja kwenye takataka. Alafu unasema unapenda AI, data, usalama wa mitandao na blockchain, yaani unapenda idara nzima. Na kule chini kabisa, aya ya mwisho, umetaja kama kwa bahati mbaya kwamba tasnifu yako ilikuwa ni kutambua lugha ya matusi kwenye komenti za Kiswahili na ulikusanya data mwenyewe. Dada! Hicho ndo kilitakiwa kiwe mstari wa kwanza. Programu nyingi za lugha zimelelewa na Kiingereza, zikikutana na namna watu wetu wanavyochapa, Kiswahili nusu Kiingereza nusu na Sheng juu yake, zinapotea, na wewe una data na macho ya kuona zinapotea wapi. Profesa wa huko hana hayo.

Iandike upya, hasa ya Marekani, mistari minane inatosha. Kichwa kiseme kitu, sio "PhD inquiry". Mstari wa kwanza ulichofanya na ulichokipata. Wa pili na wa tatu, paper yake moja uliyoisoma kwelikweli na sehemu ambayo data yako inaipinga au inaiongezea. Linki ya kodi, CV umeiatachi. Swali moja, je unachukua mwanafunzi mwakani? Basi. Asipojibu mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, achana nae.

Na usikae peke yako huko Mwanza. Kuna Masakhane, watu wa Afrika wanaofanya utafiti wa lugha zetu kwenye kompyuta, kazi zao nyingi zinafanyika wazi na mtu anaingia kwa kuchangia. Kuna Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika wa watu wa AI, toka 2017, mwaka 2019 ilikuwa Nairobi pale Chuo Kikuu cha Kenyatta, 2025 ikawa Kigali, na nchi nyingi zina IndabaX zao ndogo. Mtu aliyekuona umesimama mbele ya bango la utafiti wako unaeleza data yako, imeli yako anaifungua.

*Nimepata kazi ya utafiti wa AI chuo cha Canada, wamenitumia barua yenye nembo, wanataka dola 400 za kushughulikia faili ndo watume mkataba. Nitume?*
*Msomaji wa Mombasa*

Usitume hata shilingi. Kazi haiombi hela kwa mfanyakazi. Ada halali ipo kwenye kuomba masomo, vyuo vya Marekani vingi dola 75 mpaka 125, na hiyo unailipa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, tena vingi vina fomu ya kuomba usamehewe. Hao wako angalia imeli yao inaishia na nini, nitashangaa isiwe Gmail.

*Namalizia PhD ya kompyuta Uswidi, nataka kurudi kufundisha Tanzania. Wenzangu wananicheka. Nianzie wapi?*
*Mbongo wa Gothenburg*

Waache wacheke, idara zetu zina uhitaji wa watu wenye PhD ya fani hii. Wewe anza na karatasi. Vyeti vya nje lazima vitambuliwe na TCU, ile tume ya vyuo vikuu Tanzania, vyote, pamoja na masta kama uliisoma huko, na vyuo vya Uswidi vingi havitoi GPA kwaiyo chukua transkripti yenye maelezo ya mfumo wao wa madaraja, la sivyo ofisa atakaa na karatasi yako hajui 3.8 aitafute wapi. Angalia umri pia, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanasema mwombaji asizidi miaka 45. Alafu kabla hujaondoka ongea na supavaiza wako kuhusu mradi wa pamoja na chuo cha nyumbani, Uswidi kupitia Sida, shirika lao la misaada, wamefadhili utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi na watu wanafahamiana, ukitua na kafungu kako mkononi idara inakupokea tofauti. Matangazo yenyewe mara nyingi yanakaa wazi wiki mbili hivi na utambuzi wa cheti cha nje unaweza kuzidi hapo, kwaiyo tuma maombi ya TCU sasa hivi hata kama hakuna tangazo lolote uliloliona.