Muulize Mwalimu: Kilwa kwa Asubuhi Moja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Desemba ninampeleka mama Kilwa Kisiwani, Tanzania, pamoja na wenzake wa chama. Kampuni iliyotupangia safari imetupa asubuhi moja tu: Gereza (ile ngome ya kale), Msikiti Mkuu, kisha turudi Kilwa Masoko kwa chakula cha mchana. Jumba la kale la Husuni Kubwa wanasema ni mbali, tuongeze pesa. Mama ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Yeye anauliza kwa nini tusiende Gedi tu, kule karibu na Malindi, magofu si magofu? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Marahaba mwanangu. Ongezeni pesa muende Husuni Kubwa. Mfuko ukibana, punguzeni kwenye hoteli.

Gedi naipenda sana, na nilifurahi ilipotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Lakini Gedi imezungukwa na msitu. Kilwa bahari iko mbele yako, unaona wazi utajiri ulikopitia. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, ilipita hapo, na sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana hadi Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, bara kabisa. Sultani huyo ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, mwaka 1331, na Husuni Kubwa ni jumba lake: vyumba zaidi ya mia juu ya mwamba, kuta za matumbawe na chokaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mama akisimama kando ya birika hilo, hatauliza tena habari ya magofu.

Msikiti Mkuu msiuharakishe. Upande wa kaskazini ndio wa kale zaidi. Ule mkubwa wa kusini, wenye kuba, uliongezwa karne ya 14. Mwongozaji awaonyeshe pande hizo zinapokutana, maana mgeni akiwa peke yake hupapita tu. Gereza lisiwapotezee muda. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, wakaondoka 1512, na sehemu kubwa ya kuta za leo ni ya Waomani.

Kuhusu magoti, ulizeni habari za maji siku moja kabla. Mwambieni nahodha awafikishe Husuni kwa boti maji yakiwa yamejaa, mama asitembezwe kutoka kijijini wala asishukie kwenye maji na matope. Bado atapanda kidogo kutoka ufuoni. Ashikwe mkono, apumzike njiani.

Mwongozaji awe mwenyeji wa Kilwa, na maelezo yawe kwa Kiswahili. Semeni mapema, kwa sababu makundi ya kutoka Nairobi mara nyingi huagiziwa Kiingereza, na akina mama huishia kunyamaza wakati wana maswali mazuri kuliko yetu.

Bebeni pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Husuni Ndogo, gofu jingine, iko jirani na ile kubwa. Mama akiwa amechoka, iacheni.